Mihuri Miwili ya Babu Yako

Lupepo, Jumapili jioni

Mwanangu Lusajo,

Halikuwa kosa. Ule muhuri wa kanisa uliogongwa kwenye matangazo ya kahawa, ambao Lupepo nzima inasema mimi mama yako mdogo niliukosea kwa haraka ya kitoto, sikuukosea. Niliushika nikiujua. Niliugeuza nikautazama msalaba wake, nikaukandamiza kwenye wino, nikaugonga. Huu ni mwaka wa tatu na sijamwambia mtu, si mama, si rafiki, wala Mungu kwa maneno ya kutamka, ingawa nadhani yeye hakusubiri kuambiwa.

Ningeweza kukaa nalo hata miaka thelathini. Lakini leo baada ya ibada, walipokuita mbele wakuage, ukashika ile bahasha ya matokeo kifuani na ukaambiwa useme neno, ulisema kwamba ukiogopa huko shuleni utamkumbuka mama mdogo siku aliyosimama kanisani. Watu wakapiga makofi. Mzee Ambilikile akapiga na fimbo yake sakafuni. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nikaona siwezi kukupandisha basi kesho ukiwa umebeba mama wa kuazima.

Sasa hivi mmekwenda na bibi yako kumuaga Bibi Subilaga, na namjua, hatawaachia mtoke bila kula. Kwa hiyo nina muda. Habari za sabuni, ndoo, shuka na jina la kushona kwenye sare bibi yako amekwisha kukupa mara nane, na stendi kesho atakupa mara ya tisa. Hayo mimi nayapita.

Kwanza nikwambie nilivyokupata, maana wengine wanakusimulia vibaya. Nilikuwa na miaka tisa, wewe minne, tulipomzika dada Tumpe aliyekuzaa. Siku ya kuanua matanga ndugu walikaa kujadili nani atakulea, kila mmoja akitoa sababu zake nzuri za kutoweza. Shangazi yetu mmoja akakunyanyua akakuweka mapajani kwangu akasema, mama wa mtoto ni huyu hapa, mbona mnahangaika. Alikuwa anatania. Wakubwa wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Wewe hukucheka. Ulinishika shingo, na usiku ule hukukubali kulala kwa mtu mwingine.

Unakumbuka muuza viatu wa Tukuyu? Alikuuliza mama yako yuko wapi waelewane bei, ukanionyesha mimi, mwenye miaka kumi na miwili, nimevaa sare ya shule ya msingi. Yule bwana akainama akaniamkia shikamoo kwa dhihaka, na soko zima likasikia. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ukamjibu marahaba kwa niaba yangu, na sauti yako ilikuwa kubwa kuliko yake.

Nakukumbusha hilo kwa sababu aibu yangu ndiyo chanzo cha habari hii. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nilisimama na kubaki nimesimama, jibu ninalo, mdomo hauna. Wenzangu walihesabu vidole mpaka mwalimu aseme kaa. Watu humwona mtu wa namna hiyo wakasema ni mpole, hana makuu. Nami niliwaacha waseme. Hakuna aliyejua kwamba mtu mwenye aibu anaweza kuwa na tamaa ya kusikilizwa kuliko wote waliomo darasani.

Ndipo nikampata Askofu. Kitabu chake nilikikuta nikiwa kidato cha pili, kwenye stoo ya kanisa, chini ya kinanda kibovu. Jalada halikuwepo, kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo jina la huyo mtu silijui mpaka leo. Kitabu kizima kinamwita Askofu tu, kama huku wanavyomwita baba Mchungaji. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, halafu sekondari ikatushukia na Kiingereza kama mvua ya mawe, na kile kitabu kilikuwa Kiingereza kigumu zaidi ya cha darasani. Nilikisoma na kamusi gotini, ukurasa mmoja kwa siku, kisha nakugeuzia kwa Kiswahili tukimenya ndizi. Unamfahamu vizuri Askofu yule. Ila wewe umemfahamu nusu, kwa sababu niliruka.

Ile nusu unayoijua ni kweli. Alizaliwa Uingereza ya zamani sana, kabla ya vitabu vya kuchapwa, mtoto wa mtu wa kulainisha ngozi, na wenzake walimkimbia kwa sababu ya harufu. Padri wa kijijini akamfundisha Kilatini. Akawa na lugha mbili, moja ya kuombea chumvi nyumbani na moja ya karatasi. Mwandiko wake ukampeleka mpaka kwa mfalme. Alianza kwa kunakili barua, akafika kuzisoma kabla mfalme hajazisoma, mwisho akakabidhiwa muhuri mkuu wenyewe, ambao pasipo huo neno la mfalme lilikuwa upepo. Cheo hicho waliita chansela. Nilipomuuliza mwalimu wa historia, tena kwa kumwandikia kwenye karatasi maana kuuliza kwa mdomo sikuweza, alisema ni kama katibu mkuu, jaji na mtunza muhuri wamevaa joho moja. Halafu mfalme, kumshukuru, akamfanya askofu wa mji ambamo hajawahi kulala hata siku moja. Akawa na mihuri miwili, wa mfalme mkono huu na wa kanisa mkono huu. Akajenga lile daraja la mawe ulilokuwa unaniambia nilirudie, na shule ya watoto wa maskini, na alipoingia mjini kwake mara ya kwanza watu walitandika nguo zao njiani.

Sura niliyoruka ni hii. Mfalme alikuwa anajenga ngome, akaamuru kila kijiji kitoe ng'ombe na mikokoteni ya kubeba mawe. Amri ilitoka na muhuri wa mfalme. Watu waliisoma, wakaitikia, usiku wakaficha ng'ombe msituni. Ikatoka ya pili, wakaficha na mikokoteni. Basi Askofu akakaa na karatasi, akaandika amri ile ile, neno kwa neno, ila safari hii akagonga muhuri wa kanisa. Akaongeza kwamba atakayeficha ng'ombe hatashiriki meza ya Bwana, wala akifa hatazikwa penye wenzake. Kitabu kinasema kesho yake barabara ilijaa mikokoteni mpaka kuku hawakupata pa kupita.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Sikuona ubaya wowote. Niliona mtu anayeandika kimya kimya chumbani, na barabara inajaa.

Na kopo la biskuti lilikuwa chini ya kitanda cha babu yako. Unalikumbuka. Humo alitunza mihuri yake miwili, wa duara wenye msalaba, wa usharika wetu, na wa pembe nne wenye tawi la kahawa, wa chama cha msingi cha wakulima. Uongozi wa chama hakuugombea. Walimfuata wenyewe wakamwambia mtu anayeshika kikombe cha Bwana hawezi kuchezea gunia la mtu, akawa mchungaji Jumapili na katibu siku zilizobaki. Mimi nikawa karani wake kwa ajili ya mwandiko. Kwetu hapa karatasi isiyo na muhuri ni ya kuwashia moto, lakini yenye muhuri mtu asiyejua kusoma ataikunja aiweke ndani ya Biblia.

Kisha ikaja soko huria. Redio ikasema mkulima yuko huru kumuuzia kahawa yake anayemtaka, na kabla watu hawajaamua kama ni utani, pikapu nyeupe ikaanza kupanda kutoka mjini, mizani inaning'inia nyuma, vijana wenye kofia wanapima na kulipa hapo hapo. Chama kilikuwa kinalipa polepole, kwa awamu, na ghala likaanza kubaki na nafasi. Darasani wenzangu wakanitania kwamba baba yangu ni katibu wa panya. Wakubwa wa ushirika huko juu wakaagiza makatibu wote watoe tangazo.

Babu yako hakulipenda. Alinisomea maneno akiwa amenipa mgongo, anatazama migomba: wanachama wanakumbushwa kuleta kahawa chamani, atakayeuza kwa mnunuzi binafsi atachukuliwa hatua. Akasema niandike nakala sita, nigonge muhuri, nizibandike. Akavaa koti akaenda kwenye msiba Kisiba.

Nilizigonga saa nane mchana, Lusajo, mlango wazi, jua linaingia mpaka kitandani. Watu wanasema mtoto aligonga gizani. Hakukuwa na giza. Nakala tano niligonga muhuri wa msalaba. Ya sita, ile ya kubandikwa kwenye ubao wa ghala ambao babu yako angeuona kila siku, niligonga wa tawi la kahawa. Mtu anayekosea hakosei mara tano kisha akapatia mara moja, mahali pale pale panapomfaa.

Unajua kutengwa kulivyo kwetu. Aliyetengwa haji mezani, na akifa haimbiwi. Sikuandika neno hilo popote, wala sikuhitaji. Watu waliona msalaba chini ya habari za kahawa wakajaza wenyewe hatua gani itachukuliwa. Siku mbili baadaye nilikuwa natoka shule, nikaikuta ile pikapu imesimama penye njia panda, mizani tupu, dereva amelala na kofia usoni. Hakuna mkulima aliyekuja. Nilisikia utamu, mwanangu, sikufichi. Nilipita pale natembea kama mtu mwenye viatu vipya. Babu yako alishangaa kuona ghala linajaa, akasema, wameelewa, watu wetu ni waelewa. Nikamwitikia.

Bibi Subilaga alikuwa ameshauza. Debe mbili, siku moja kabla ya tangazo, apate kumpeleka mjukuu wake hospitali. Kusoma hajui, akamwomba kijana mmoja wa kwaya amsomee. Alipomaliza, Bibi hakuuliza chochote kuhusu maneno. Aliuliza muhuri ni upi. Kijana akamwambia ni wa duara, wenye msalaba. Akasema ndaga, asante ya kwetu, kama mtu aliyepewa maji, akaenda zake. Haya nilisimuliwa na kijana mwenyewe, naye aliyasimulia kama kichekesho.

Siku ya Chakula cha Bwana iliyofuata hakuingia kanisani. Alikuja kwa wakati, amevaa nguo yake nyeupe na kilemba, akakaa nje kwenye jiwe chini ya dirisha, akawa anaimba nasi kutoka huko. Sauti yake ya pili haifichiki. Ibada ilipokwisha akaamkia kila mtu akaondoka. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Babu yako akatuma mzee wa kanisa akaulize ana kinyongo na nani, na Bibi akajibu kwamba Mchungaji hajamkosea, yeye ameelewa. Jibu lile lilimtesa babu yako. Tukiwa tunakula akaweka kijiko chini akauliza, sijui alikuwa anamuuliza nani, amemfanyia nini yule mama hata aimbie nje. Mimi nikaomba nipewe chumvi.

Hilo la chumvi linanirudia kuliko muhuri wenyewe. Muhuri ulikuwa wa dakika tano, lakini nilinyamaza miezi.

Sasa sikiliza sehemu yako, kwa sababu wakisimulia wanakusahau. Ilikuwa siku ya tatu ya Chakula cha Bwana, mvua ya Tukuyu unaijua, haiombi ruhusa. Tulikuwa katikati ya wimbo, ukanivuta kanga ukaniuliza, kwa nini Bibi Subilaga analowa? Nikakwambia nyamaza uimbe. Ukasema, lakini anaimba vizuri kuliko wewe, aingie. Nikakufinya. Ulikuwa na miaka kumi, ulipenda kukaa benchi la mbele uone kikombe kinavyomeremeta, na uliacha benchi hilo, ukachukua mwavuli wa bibi yako pale mlangoni, ukatoka. Nikageuka dirishani nikaona mwavuli mmoja na chini yake vichwa viwili.

Kuna watu wanasema Roho alinigusa. Sijui. Najua kwamba mtoto wangu alikuwa nje na mimi niko ndani.

Katibu wa usharika akauliza kama kuna mwenye tangazo. Nikasimama. Benchi lililia nilipoinuka, wakageuka wote kabla sijasema kitu. Nilibaki nimesimama kama darasani, na naapa niliona vidole vya vijana wa kwaya vikianza kuhesabu. Tangu siku ile watu wameniwekea maneno mengi mdomoni, wengine hata mstari wa Biblia. Nilisema haya tu:

"Tangazo la kahawa halikuwa la kanisa. Muhuri niligonga mimi. Nilikosea. Bibi Subilaga hajatengwa na mtu."

Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini walisikia mpaka wa nyuma. Sauti hata mimi sikujua imetoka wapi. Wa kwanza kusema ni Mzee Ambilikile.

"Kumbe huyu mtoto anayo sauti," akasema. "Miaka yote hii nilidhani Mchungaji amezaa picha ya ukutani."

Watu wakacheka, wengine huku wanafuta macho, ndipo wakaelewa nilichosema, na ukapita mnong'ono benchi kwa benchi, maana si Bibi Subilaga peke yake aliyeuogopa ule msalaba. Babu yako alikuwa ameshateremka madhabahuni. Alitoka kwenye mvua na joho lake. Kupitia dirishani tulimwona anainama chini ya mwavuli wenu, anasema neno, Bibi anatikisa kichwa, anasema tena. Halafu mkaingia watatu. Bibi akasimama mlangoni.

"Nimelowa, Mchungaji. Nitalowesha benchi."

"Benchi litakauka, mama."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena, hata harusini. Akina mama walimsogezea nafasi benchi la mbele, wewe ukajipenyeza ubavuni mwake unachuruzika maji, na babu yako akaanza kugawa Chakula cha Bwana kwa kumwanzia yeye. Wengine waliokuwa wamekaa tu nyuma, wasioenda mezani tangu tangazo, wakainuka mmoja mmoja wakajipanga. Sikujua kama walikuwa wengi hivyo. Mstari ulifika mlangoni.

Mwisho wa ibada babu yako akasema mtoto asilaumiwe. Mtoto aligonga gizani, kopo moja, mihuri miwili. Mwenye kosa ni yeye aliyeweka mambo ya Mungu na ya kahawa chini ya kitanda kimoja. Aliinamisha kichwa mbele ya usharika wake akaomba radhi. Jumatatu akavaa suti, akaenda ghalani na ule muhuri wa pembe nne ndani ya leso, akaukabidhi. Watu walitegemea atarudi amenuna. Alirudi anapiga mluzi, na tangu siku ile, wewe ni shahidi, anacheka mezani.

Na kwangu pia, Lusajo, mambo yalifunguka. Wakulima wakaanza kuniletea karatasi zao za Kiingereza. Wanunuzi walipoleta mkataba, waliniita ghalani niusome mbele ya mkutano, na nilipofika penye kifungu kinachosema mizani itakuwa ya mnunuzi peke yake, nikakisoma kwa Kiingereza, nikakigeuza kwa Kiswahili, na Bibi Subilaga akauliza kwa nini ng'ombe akamuliwe na mwenye kibuyu. Mkutano mzima ukasimama. Mizani ya chama ikatolewa nje ikawekwa kando ya yao, na mpaka leo kahawa ya Lupepo inapimwa mara mbili. Yule aliyekuwa anahesabiwa vidole ndiye aliyesoma. Furaha ya siku ile siwezi kuikana, wala sitaki uikane. Mimi nasubiri matokeo yangu ya kidato cha sita, na wewe ndiye msichana wa kwanza wa shule yetu kwenda bweni. Nyumba hii imeshinda. Nataka tu ijue imeshinda vipi.

Turudi kwa Askofu, kwenye ukurasa mwingine niliouruka. Watu wa kijiji kimoja walimwendea mfalme wakalalamika kwamba wamefungiwa meza ya Bwana kwa ajili ya ng'ombe. Mfalme mwenyewe akaona haya. Askofu akajibu kwamba karani wake ndiye aliyechanganya mihuri. Karani akafukuzwa, milango ya kanisa ikafunguliwa, na Askofu akasifiwa kwa huruma. Miaka baadaye alipogombana na mfalme aliuweka muhuri mkuu mezani, akapanda farasi akaenda kukaa na watu wake mpaka uzee, na huko, kitabu kinasema, alipendwa kama baba. Nakiamini. Daraja alijenga kweli, na watoto wa maskini walisoma kweli. Ila nilitafuta mpaka ukurasa wa mwisho karani yule alikwenda wapi. Hakuna. Hata jina hana, na yeye si mchwa waliomla.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano ukurasa ule niliupita haraka. Leo, ulipokuwa unashangiliwa pale mbele, niliona karani wangu amekaa kwenye kiti chake cha mchungaji, anapiga makofi. Babu yako ameinamisha kichwa mbele ya usharika kwa jambo nililolifanya saa nane mchana mlango wazi, na anaendelea kulibeba, na bado anamwambia kila mgeni kwamba kosa lilikuwa la kwake.

Basi nichague nini katika haya nikufungashie? Sauti ile ilikuwa yangu kweli. Mwavuli ulikuwa wako. Bibi Subilaga aliingia, na hakuna atakayemtoa. Katika sentensi zangu nne, tatu zilikuwa kweli, nazo zilitosha kufungua mlango. Hiyo moja, ya kwamba nilikosea, nimetembea nayo kama msumari wa kiatuni, unazoea kukanyaga upande, watu wanadhani ndivyo unavyotembea.

Nakufahamu. Una mwandiko kama wangu, na mbele ya wageni unanyamaza kama mimi, ingawa sokoni ulinipita. Watu wa namna yetu hupewa mihuri mapema. Utaambiwa ushike daftari la majina, funguo za stoo, uongozi wa kwaya, kwa sababu watadhani hatuna tamaa. Mimi ninayo. Nilikutana nayo siku ile, ilikuwa imetulia sana. Ukikutana na ya kwako usishtuke ukadhani umekuwa mtu mwingine. Niandikie. Na yakikushinda, usije ukasema ulikosea kwa sababu mama yako mdogo alisema hivyo akapigiwa vigelegele. Sema ulilolifanya. Mimi nitakusikia, kwa lugha yoyote utakayoandika.

Hayo ndiyo niliyotaka kukupa. Nilipanga nikuwekee barua hii chini ya nguo sandukuni, uisome ukiwa mbali, ambako huwezi kuniangalia. Mara mbili jioni hii jirani amepita kuuliza unaondoka saa ngapi, na mara mbili nimeifunika kwa kitambaa cha meza, kwa mkono mwepesi kabisa, mkono uliozoea.

Kuna mtu anapanda kutoka barabarani. Si nyinyi, nyinyi mngesikika kwa vicheko. Ni viatu vya mvua, hatua nzito, na sasa kile kikohozi chake. Anakwangua tope kwenye jiwe la mlangoni, mguu mmoja, mguu wa pili. Ni babu yako ametoka kuwaombea wagonjwa, na atakuja moja kwa moja hapa mezani, maana taa iko hapa.

Karatasi zote nimezipanga tangu ya kwanza, zimeelekea upande wa kiti chake. Sizifuniki. Atazisoma kabla yako, nawe nisamehe kwa hilo, yeye amesubiri zaidi.

Mama yako,
Atupele